Kuna Kamashine Kanaonja Embe na Maji ya Kathonzweni, Lakini Usikaulize Kuhusu Mahindi

Disemba ukifika ocha pande za Kathonzweni, kitu ya kwanza unapewa ni chai. Unapiga funda moja, uso unakunjamana. Iko na sukari, iko na maziwa, lakini nyuma yake kuna chumvi. Unaangalia mathe, unadhani amekosea mkebe. Hajakosea. Ni maji.

Susu wangu hata haulizi. Akionja hiyo chai anakuambia maji yalitoka wapi, kisima cha pampu ama shimo la mchanga kule mtoni. Na hakosei, manze. Ulimi wa miaka themanini na kitu unafanya kazi ya maabara bila hata betri.

Sasa kuna kamashine kadogo kama kalamu. Unakachovya kwa kikombe cha maji, kanakupea namba. Kuna kengine kama kadarubini kafupi, unakadondoshea tone la embe kanakuambia sukari ni ngapi. Ukizama TikTok utapata msee amechovya hiyo kalamu kwa maji, namba inapanda, anapiga nduru ati hiyo ni sumu. Comments zote "woi, tumekufa."

Pole pole. Kila kamashine kanajua kitu kimoja tu. Kwa hicho kitu kako sawa sana, pengine kuliko susu. Shida inaanza ukikaamini kwa kile hakajui. Na kama kwenu ni Makueni ama Kitui, unajua kuna mwaka watu walizikwa juu ya kitu ambacho ulimi hauwezi kuonja. Tutafika huko. Tuanze na chai.

Kalamu ya maji

Kwa mdomo wa hiyo kalamu kuna vijichuma viwili. Ukiichovya, inapitisha stima kidogo sana kutoka kimoja hadi kingine. Maji safi kabisa hayapendi kubeba stima. Lakini chumvi ikiyeyuka inavunjika kuwa vipande vidogo vyenye chaji, na hivyo ndivyo vinabeba. Chumvi ikiwa nyingi, stima inapita fasta. Kamashine kanapima hiyo stima, kanapiga hesabu yake, alafu kanakuandikia miligramu ngapi kwa lita. Kwa lebo utaona TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema maji ya chini ya miligramu 600 kwa lita watu wengi huyasikia poa mdomoni. Yakipita 1000, ulimi unaanza kukataa. Angalia vizuri: hiyo ni hesabu ya ladha, si hesabu ya kifo. Yule wa TikTok alipiga nduru bure.

Unataka kujua kama hako kamashine kanaonja kweli? Kinga maji ya mvua, pima. Koroga vijiko vitatu vya sukari, pima tena. Namba karibu haitasonga. Wewe ukionja utasikia utamu hadi kwa meno, kenyewe hakajasikia kitu, juu sukari ikiyeyuka haivunjiki kuwa chembe zenye chaji. Kwa hivyo kalamu ya maji ni kipande kimoja tu cha ulimi, kile cha chumvi.

Lakini kwa Ukambani hicho kipande ni kikubwa. Maji ya kisima kirefu yamekaa chini na mawe miaka mingi, yakiyeyusha chumvi pole pole. Maji ya mchanga wa mto ni mvua ya juzi tu, hayajapata muda wa kuiba chumvi. Ndiyo maana Makueni na Kitui zimejaa mabwawa ya mchanga. Unajenga ukuta kukata mto wa msimu, mvua inaleta mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani ya mchanga jua lisiyanywe. Kiangazi kikikaza, wamama wanachimba hapo na mikono na vibuyu. Hata Kiswahili chenyewe kinajua hii maneno: maji ya kunywa tunayaita maji matamu, na hakuna mtu ameweka sukari.

Kwa hivyo kalamu ikikuonyesha kisima hiki ni 2,400 na kile ni 700, umepata kitu cha maana. Sabuni itatoka povu wapi, chai itanyweka wapi, na yule jamaa wa punda anayekuuzia mtungi akisema ni maji matamu, unamchovyea mbele yake. Ukipima kisima kimoja Machi na tena Septemba utaona vile kinabadilika mvua ikipotea. Susu hujua hiyo pia, ila susu haandiki.

Alafu kuna yale hakajui. Floraidi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, watoto wanakua na meno ya madoa, na ikizidi sana miaka mingi inaingia hadi kwa mifupa. Sasa kwa skrini inayosoma 900, hiyo moja na nusu utaiona wapi? Viini vya kipindupindu havibebi stima ya kutosha kusomeka. Madini ya risasi pia yanajificha hapo ndani.

Na hapa wasee wa Nairobi mnaingia kwa stori bila kupenda. Bwawa la Thwake, lile kubwa ambalo ujenzi wake ulianza 2018, liko pale Mto Thwake unakutana na Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui. Athi inapokea Mto Nairobi. Kila kitu mimi na wewe tumemwaga kwa mtaro wa mtaa, kinateremka huko. Maji kama hayo yanaweza kusoma namba ndogo kuliko kisima cha susu, yawe matamu kabisa kwa ulimi, na bado yahitaji kazi ya maana kabla mtu hajayanywa.

Kadarubini ka embe

Sasa embe, na hapa kuna doh.

Kama hujui, Makueni ni nyumbani kwa embe. Ile ya duara yenye shavu jekundu unayonunua stejini, inaitwa Apple, ndiyo mfalme huko. Kuna Ngowe, kuna Kent, kuna Tommy. Msimu ukifika broka anakuja na lori, anazunguka shamba, anabonyeza mbili tatu, anakunja uso, alafu anataja bei. Uso wa broka ndio mashine. Na huo uso hukunjamana kila mwaka, hata embe zikiwa tamu aje.

Kaunti ilijaribu kutoroka huo uso. Wakati wa gavana Kivutha Kibwana walijenga kiwanda cha matunda pale Kalamba, kikaanza kusaga embe 2017, kinatoa rojo ya kutengenezea juisi. Kwa rojo, uso haufanyi kazi. Kuna namba. Kanuni za chakula za kimataifa, zinaitwa Codex, zinataka juisi na rojo ya embe isipungue Brix 13.5.

Brix ni nini? Ni jina la Mjerumani wa karne ya 19, Adolf Brix. Digrii moja ya Brix ni gramu moja ya sukari ndani ya gramu 100 za maji ya sukari. Embe ikisoma 15, kwa kila gramu 100 za maji yake kuna kama gramu 15 za sukari. Kwa kadirio tu, na utaona kwa nini nasema hivyo.

Kifaa kinaitwa refraktomita. Ushawahi weka kijiko kwa glasi ya maji ukaona ni kama kimevunjika? Hiyo ndiyo siri yote. Mwanga ukiingia majini unapinda. Maji yakiwa na sukari unapinda zaidi. Ukidondosha tone kwa kioo, ufunike kifuniko, uelekeze kwa mwanga wa jua na uchungulie, utaona sehemu ya bluu juu na nyeupe chini, na mstari unaozitenganisha umesimama kwa namba. Hiyo ndiyo Brix. Ya kuchungulia haina betri wala chaji, na ni ya shilingi elfu chache. Ya kidijitali ina taa ndani na skrini, inakusomea yenyewe, lakini bei inaruka. Moja ya kuchungulia inatosha chama kizima, si lazima kila boma liwe na yake.

Mkulima akiwa nayo, mazungumzo na broka yanabadilika. Badala ya "hizi zako hazina utamu" na wewe unabaki kuapa kwa jina la mama, unakata embe, unadondosha, unampa achungulie. Unaweza pia jua ni miti gani imetangulia na gani bado, usivune shamba zima siku moja juu lori limekuja.

Lakini sikiliza, hapa ndipo watu wanachezwa.

Embe iliyokomaa lakini bado ngumu ya kijani haina sukari nyingi. Iko na wanga. Ikikaa siku kadhaa baada ya kuvunwa, huo wanga unageuka sukari, na embe iliyosoma 7 au 8 Jumatatu inaweza kupita 14 wiki ikiisha. Sasa broka mjanja akija na refraktomita yake, apime embe ngumu mbele yako, akuonyeshe 8, alafu aseme "unaona? sayansi yenyewe imesema," ujue amekupima siku mbaya makusudi. Kwa embe ngumu, wenye pesa wanatumia kitu kingine, bunduki ya mwanga inayomulika tunda bila kulikata na kusoma kile kitabaki ukitoa maji yote. Hiyo ni ya laki kadhaa, usiitafute. Wewe muulize tu broka kama atarudi embe ikiiva. Alafu zipime zikiwa zimeiva, uandike, na mwaka ujao uwe na daftari.

Jingine. Usipime embe moja ukasema ni shamba. Upande ulioona jua na ule wa kivuli haviwezi kufanana, mti wa juu kilimani na wa bondeni pia. Kata kadhaa, kamua, changanya, pima.

Na jingine ambalo hutalipata kwa karatasi ya maelezo ndani ya boksi, juu walioiandika hawajawahi kufika Kathonzweni. Kabla ya kupima lazima uanze na maji safi ili kifaa kisome sufuri. Wengi wanachota tu maji ya mfereji wa nyumbani. Refraktomita haichagui, inahesabu kila kitu kilichoyeyuka, chumvi pia. Ukitumia maji ya kile kisima cha chai ya chumvi kuweka sufuri, umeanza na uongo mdogo, na kila embe utakayopima baadaye itaonekana imepungukiwa kidogo. Tumia maji ya mvua ama ya chupa. Na usipime ukiwa umekaa kwa jua la saa saba. Namba za hivi vifaa zimewekwa kwa joto la digrii 20. Vingi vinajirekebisha, lakini vina mwisho, na jua la huko unalijua.

Bado unaamini Brix ni utamu? Chukua ndimu. Kamua, dondosha, chungulia. Utaona 7 au 8 hivi. Ndimu! Juu uchachu nao umeyeyuka mle ndani na unapinda mwanga pia. Kwa macho ya refraktomita, ndimu na embe mbichi ni mabinamu. Utamu unaousikia mdomoni ni vita kati ya sukari na uchachu, na juu yake harufu. Ziba pua ule embe uone. Utabaki na sukari na uchachu, ile "embe" yenyewe imeenda.

Na usisahau funza. Embe inaweza kusoma 16 safi na ndani nzi ametaga.

Asali ya Kitui nayo inapimwa na ndugu wa hako kadarubini, kenye namba za juu. Hapo hawatafuti utamu, wanatafuta maji. Codex inataka asali isizidi maji asilimia 20, ikizidi inaanza kuchacha. Lakini msee akikupikia sukari guru iwe nzito vilevile, mstari utasimama palepale. Kapo sawa kwa maji, kipofu kwa wizi.

Je, hakuna mashine inayoonja kama mtu?

Iko. Na si ndogo hivyo. Mimi chuo niliacha katikati, kwa hivyo nitakueleza vile nilivyoielewa mwenyewe, bila yale maneno ya ukutani.

Kule Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, profesa Kiyoshi Toko alianza kucheza na hii kitu miaka ya 1980. Badala ya kutafuta sukari peke yake au chumvi peke yake, alitengeneza utando wa mafuta unaofanana na ngozi ya chembe za ulimi. Kitu kichungu kikigusa huo utando, volti inabadilika kwa njia moja. Kichachu, njia nyingine. Unaweka tando kadhaa tofauti pamoja, unasoma zote kwa mpigo. Kampuni za dawa huzipenda hizi mashine, juu zinataka kujua dawa ya mtoto ni chungu kiasi gani bila kulisha mtoto halisi. Kampuni za vyakula pia, ili pakiti ya leo iwe na ladha ya pakiti ya jana.

Ya kubeba mkononi ilionyeshwa na maabara ya IBM kule Zurich mwaka 2019, waliipa jina Hypertaste. Unaichovya kwa kinywaji, vihisi vyake vinatoa alama za stima, simu inatuma hizo alama mtandaoni, na programu inazilinganisha na zile ilizofunzwa. Dakika moja hivi, jibu limerudi: hii ni maji ya kampuni fulani, hii ni juisi fulani. Sasa shika hapo kwa "ilizofunzwa." Haijui tamu ni nini. Inajua hiki kinafanana na kile. Ukitaka ijue muthokoi, mtu lazima akae chini aifunze muthokoi, wa Kathonzweni na wa Mwingi, wenye maharagwe na wenye mbaazi.

Kuna hata inayofanya kinyume, inakudanganya ulimi. Mwaka 2024 kampuni ya Kirin ya Japani ilianza kuuza kijiko cha umeme, kazi ya profesa Homei Miyashita wa Chuo Kikuu cha Meiji. Kinapitisha stima kidogo mdomoni na supu yenye chumvi kidogo unaisikia kama imekolea. Ni ya wale daktari amewakataza chumvi. Kwa chai ya kwetu tungehitaji kile cha kupunguza.

Mahindi

Sasa ile nilikuahidi.

Mwaka 2004, kuanzia kama Mei, watu Makueni na Kitui walianza kufika hospitali macho ya njano, tumbo limejaa, wanatapika. Mwanzoni ilionekana kama ugonjwa wa ini wa kawaida. Hadi ilipotulia, wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa na 125 walikufa. Ilikuwa mahindi. Kuvu inayoitwa Aspergillus flavus ilikuwa imeota kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, mengi ndani ya nyumba za watu, na ilikuwa imetoa aflatoksini, kwa Kiswahili sumukuvu. Watafiti walizunguka masoko 65 wakachukua sampuli 350 za mahindi na unga. Zaidi ya nusu, asilimia 55, zilipita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981 ilitokea Machakos, wagonjwa 20 wakalazwa, 12 wakafa. Hata hiyo sumu iligunduliwa juu ya vifo: Uingereza 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa njugu mbovu.

Sasa fikiria hizo jioni za 2004. Kila mtu alikuwa ameonja. Ulimi wa susu, ulimi wa mtoto, ulimi wa mama aliyepika. Ugali ulikuwa na ladha ya ugali. Mahindi yaliyooza kabisa huwa machungu na hayo watu huyatupa, lakini yenye sumu ya kuua si lazima yaonekane hivyo wala yawe na ladha yoyote. Kupika hakusaidii, sumu inavumilia moto wa sufuria.

Kwa nini hata mashine za ladha haziioni? Piga hesabu. Embe ni gramu 13 au 15 za sukari kwa 100. Kiwango cha sumukuvu kinachoruhusiwa Kenya siku hizi ni sehemu 10 kwa bilioni. Sekunde bilioni moja ni karibu miaka 32. Sehemu 10 kwa bilioni ni kama sekunde 10 ndani ya hiyo miaka yote. Kalamu ya maji haiwezi, kadarubini hakawezi, na ulimi ulitengenezwa kutafuta chakula, si kuhesabu sekunde.

Kinachoiona ni kitu kingine kabisa. Kuna vijikaratasi vya kupimia, vinafanya kazi kama kile cha mimba. Unasaga mahindi, unachanganya na dawa, unachovya, mistari inatokea, na kamashine kadogo kanasoma mstari umekolea vipi kakakupea namba. Kama dakika kumi na kitu. Vinabebeka. Lakini hata hapo kuna mtego: sumu haijasambaa sawa. Gunzi moja bovu linaweza kubeba sumu ya gunia zima, na ukichukua konzi moja ya juu utapata safi, uende ukale kifo na cheti. Lazima uchote juu, katikati na chini, usage nyingi, uchanganye, ndipo upime.

Na kama unajiambia hii ni shida ya ocha, wewe unanunua pakiti, Novemba 2019 KEBS ilisimamisha brandi tano za unga wa mahindi madukani juu ya hii hii sumu. Pakiti inasagwa kutoka mahindi ya mtu.

Kwa hivyo nyumbani kwa susu unafanya nini bila doh ya vijikaratasi? Unaizuia kuvu isipate maji. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yafike unyevu wa asilimia 13.5 ama chini. Kuna mita ya unyevu ya kubeba, vyama vingine wako nayo, uliza. Shambani kuna Aflasafe, kuvu ya jamii hiyo hiyo lakini isiyotoa sumu, unaimwaga kabla mahindi hayajakomaa inakalia nafasi ya ile mbaya. Inatengenezwa hapo tu Katumani, Machakos, kwa KALRO. Kukoboa mahindi ya muthokoi pia kunapunguza sumu, juu nyingi iko kwa ganda na kiini, ila hakuimalizi, kwa hivyo usikoboe mahindi mabovu ukidhani umeyaosha. Na gunia lisilale kwa sakafu ya udongo, liweke juu ya mbao.

Alafu kuna chupa. Hii haina betri. Tafuta chupa ya soda ya kioo, ikauke kabisa. Weka mahindi mpaka theluthi hivi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, iache robo saa. Chumvi ikigandama kwa kioo, mahindi yamepita asilimia 15, rudisha juani. Isipogandama, umeshuka chini ya hapo, lakini 15 bado si 13.5, kwa hivyo ongeza siku nyingine kabla ya kufunga gunia.

Susu yeye huuma punje. Ikilia kah, anasema imekauka. Mimi hutikisa chupa. Msimu uliopita meno yake yalisema ndiyo, chumvi yangu ikagandama kwa kioo. Tulibishana hadi chai ikapoa, ile ya chumvi, alafu akanituma nitoe turubai. Mahindi yalikaa juani siku mbili zaidi.